Pombe Isiyosubiri

Rubisi haina akiba. Ikiiva leo, inanyweka leo na kesho. Keshokutwa uchachu umeshaanza kuikamata, na siku ya nne anayeinywa anainywa kwa kumhurumia aliyeitengeneza. Kwa hiyo mtu haanzi na ndizi, anaanza na watu. Desemba iliyopita, nilipowaambia nyumbani Kirumba kwamba likizo hiyo nataka kutengeneza rubisi ya familia, mama hakuniuliza kama naweza. Aliniuliza, "Umemhesabu baba yako mkubwa?"

Nilikuwa nimemhesabu. Ndiye hasa niliyemhesabu.

Mama ni Msukuma wa Magu. Baba ni Mhaya wa Muleba aliyevuka ziwa akiwa kijana kuja kutafuta maisha Mwanza. Kaka yake alimfuata miaka michache baadaye, akajenga Igoma. Kutoka kwetu mpaka kwake ni safari ya daladala, lakini kwa miaka minne hakuna aliyepanda daladala hiyo. Sababu ni kibanja.

Kwa Wahaya kibanja si shamba tu. Ni nyumba na migomba inayoizunguka, kahawa chini ya migomba, na makaburi ya waliotangulia. Kibanja cha babu kilikuwa kimejaa embiire, ndizi za pombe. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba uliripotiwa mkoani Kagera, na baada ya muda ukafika kwetu. Ni ugonjwa wa bakteria wanaobebwa na wadudu wanaotua kwenye ua la mgomba, au na panga lililotoka kukata mgomba mgonjwa. Majani yanakuwa manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukikata moja unakuta madoa ya kahawia ndani. Dawa hakuna. Unang'oa mgomba, unachoma panga kwenye moto, unaomba Mungu. Babu aling'oa mpaka nguvu zikamwishia. Alipofariki, nusu ya kibanja ilikuwa imebaki nyasi. Baba akataka kipande hicho kiuzwe. Baba mkubwa akasema ardhi ya babu haiuzwi, hata ikiota nyasi. Kiliuzwa. Sehemu ya fedha zile ililipa ada yangu ya mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, na mimi nilijua.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya chakula kule Morogoro. Muhula uliopita tulisoma kuhusu bia, na sehemu kubwa ya somo ilikuwa hopsi: maua ya mmea unaotambaa, unaopenda nchi za baridi. Hopsi zina kazi mbili kuu. Ya kwanza ni kuleta uchungu, kwa sababu bia kali inatokana na sukari nyingi ya kimea, na bila uchungu wa kuizuia inakinaisha baada ya glasi moja. Ya pili ni kuzuia bakteria wanaochachusha. Ndiyo maana Waingereza, walipokuwa wakipeleka bia India kwa meli katika karne ya 18 na ya 19, waliongeza hopsi ili ihimili miezi ya baharini. Mwalimu alituambia tufikirie kila kinywaji kikali kama mizani: utamu upande huu, uchungu upande ule.

Nikakumbuka mtama wa babu. Katika rubisi utamu wote unatoka kwenye ndizi, na uchungu unatoka kwenye mtama mwekundu uliokaangwa na kusagwa. Kwenye bia nyingine nafaka huoteshwa kwanza ili wanga wake ugeuke sukari, na moto mkali huua uwezo huo. Kwenye rubisi hilo halina shida kwa sababu sukari ndizi inayo tayari. Mtama unaleta rangi, ukakasi, uchungu, na chakula kidogo cha hamira. Ila kazi ya pili ya hopsi, ya kuitunza pombe, mtama hauifanyi ya kutosha. Rubisi inapata mizani lakini haipati umri.

Shangazi alitutumia mikungu sita ya embiire kutoka Muleba, mikungu ya upande wa kibanja uliopona. Ilipakiwa Kemondo kwenye MV Victoria, meli iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961 na kurudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Mtama ulitoka Magu kwa bibi, mzaa mama. Tulivundika ndizi kwa siku sita kwenye magunia na majani makavu nyuma ya nyumba, kati ya miamba miwili. Kirumba haikosi miamba.

Siku ya kukaanga mtama ndipo nilipokwama. Vitabu vyangu vinataja nyuzi joto na dakika za tanuri, mimi nina jiko la mkaa na kikaango cha mama. Nikamuuliza baba mtama ukaangwe mpaka wapi. Akatazama ziwa. "Mimi nilikuwa shule," akasema. "Aliyekuwa akikanyaga ndizi na mzee ni kaka."

Nikapiga simu.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Chuo kinasemaje?"

"Nimefunga, niko nyumbani. Nakaanga mtama wa rubisi."

Kimya kikawa kirefu mpaka nikadhani salio limeisha. Kisha akauliza, "Anayekamua nani hapo?"

"Mimi."

"Binti!" Akacheka. Kwao kukamua ndizi ilikuwa kazi ya wanaume, wanawake walikuwa na mtama. "Haya. Niwekee simu karibu na kikaango."

Nikaiweka. Mama akaendelea kugeuza kwa mwiko. Baba mkubwa akasikiliza punje zikidunda, akasema bado, bado, na baadaye kidogo, "Epua. Ukingoja iwe nyeusi utakunywa mkaa."

Kesho yake akanipigia yeye. Nilikuwa nimemenya ndizi na kuzikanda kwenye beseni kwa nyasi, maana ukizisaga kwa blenda unapata uji. Nyasi ndizo zinazoisugua nyama ya ndizi mpaka inaachia maji. Yale maji matamu, kabla hayajawa pombe, yanaitwa omuramba, na wadogo zangu walikuwa wamesimama foleni na vikombe. Nikamuuliza niongeze maji lita ngapi. Akasema maji ya omuramba hayapimwi kwa lita, chovya kidole ulambe. Utamu ukikupiga kooni, ongeza. Ukibaki kwenye ulimi, acha. Nikafanya hivyo, kisha, kwa udadisi wa shule, nikadondosha tone kwenye kipima sukari nilichokuwa nimekiazima. Kilisoma asilimia 14. Sikumwambia. Alikuwa hahitaji.

Babu alichachushia pombe kwenye gogo lililochongwa kama mtumbwi. Sisi tulitumia pipa la plastiki. Tukamwaga omuramba, tukakoroga unga wa mtama, tukafunika kwa majani ya mgomba na blanketi kuukuu. Hakuna kuchemsha wala hamira ya dukani. Hamira inatoka kwenye maganda, kwenye unga na kwenye mikono. Usiku nilitega sikio pembeni ya pipa nikasikia mchemko mdogo, kama mvua inayoanza mbali. Asubuhi povu la kahawia lilikuwa limenyanyua majani.

Nikatuma ujumbe mmoja tu kwenda Igoma: "Imeiva. Kesho kutwa haitakuwepo." Nadhani ningekuwa na chupa za bia ya hopsi, za kukaa miezi sita kabatini, ningeandika karibu siku yoyote. Na siku yoyote, katika ugomvi wa ndugu, haifiki.

Alifika saa tisa alasiri, amevaa koti. Baba alisimama mlangoni. Waliamkiana kama watu wanaokutana benki. Nikawakaribisha uani, nikachota kibuyu cha kwanza, na badala ya kumpa mimi nikampa baba ampe. Baba akakishika kwa mikono miwili. Baba mkubwa akakipokea kwa mikono miwili. Akanywa, akatulia, akatazama ndani ya kibuyu.

"Mtama umezidi kidogo," akasema.

"Mtama wa Wasukuma huo," baba akajibu. "Wanaleta mwingi kila wanapoingia."

Mama akacheka wa kwanza.

Kibanja hakikutajwa siku ile. Kilichouzwa kimeuzwa, na mwenye nacho sasa ameshapanda mahindi. Mimi nilitaka kusema jambo kuhusu ada yangu. Nilitafuta pa kuanzia, sikupapata, nikachota vibuyu vingine. Jirani wa juu alikuja, wa chini akaja, pipa likashuka nusu. Ilipokaribia magharibi nilimsikia baba mkubwa akimuuliza baba kama machipukizi ya embiire kwa shangazi ni mazima, na baba akasema wanaweza kwenda kuyaangalia. Hawakutaja tarehe.

Alipoondoka nilimjazia dumu la lita tatu. Nikamwambia asikaze kifuniko, gesi bado inatoka, litapasuka kwenye daladala.

"Unanifundisha mimi?" akasema, akalilegeza kidogo zaidi ya nilivyokuwa nimelilegeza, akateremka kuelekea barabarani akilibeba wima, mbali na koti.