SAFARI NA MZAZI MWENYE SUKARI (Sehemu ya 4): Unguja

Jana tuliishia kwenye mabasi, leo tunavuka maji. Dada mmoja kaniandikia inbox: mama yake ana miaka 68, anachoma insulini, Zanzibar hajawahi kufika, na kaka zake wanagoma, eti "atatufia huko". Mimi nasema mpelekeni. Ila kwa mpango.

Boti kutoka Dar ni kama saa mbili, na kipindi cha kusi bahari inachafuka. Mama kachoma sindano, kanywa chai, katikati ya safari anatapika yote. Dawa imo mwilini, chakula hakimo, sukari inashuka. Akianza jasho, kutetemeka na kuongea visivyoeleweka, msiseme ni bahari tu. Mpimeni. Hamna kipimo? Maadamu anaweza kumeza, apewe glukosi au soda ya kawaida, sio zero. Insulini ikae kwenye mkoba wenu, mbali na jua.

Mji Mkongwe ni vichochoro, utatembea tu. Tokeni asubuhi kabla jua halijakolea. Kama nguvu zake ni za sehemu moja, chagueni Mkunazini: kanisa la Anglikana lililoanza kujengwa 1873 palipokuwa soko la watumwa. Vile vyumba vya chini vina ngazi na dari fupi, mwenye magoti mabaya abaki juu. Beit al-Ajaib sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, kwa hiyo ulizeni kwanza. Jioni Forodhani ale mishkaki, urojo bakuli dogo. Juisi ya miwa aonje funda moja, jamani, naye ni mtu.

Sasa pwani, na hapa ndipo naomba mnisikilize. Jambiani na Paje maji yanakupwa mbali mno, hasa siku za bamvua, na watu wanashuka kutembea mpaka kwenye mashamba ya mwani. Chini kuna mawe makali na wale wadudu weusi wa miiba mirefu. Mwenye sukari ya miaka mingi nyayo zina ganzi. Anakanyaga mwiba, anaendelea kupiga stori. Wodini nimepokea watu wenye kidonda "kidogo tu", wakatoka bila kidole. Wengine bila mguu.

Kwa hiyo viatu vya plastiki vinavyofunika vidole, hadi ndani ya maji. Mchanga wa saa saba mchana nao unaunguza, asiuguse peku. Akipenda kuoga baharini, Nungwi na Kendwa ni rahisi zaidi, maji hayaendi mbali vile. Kila jioni muoshe miguu, kausha katikati ya vidole, mulika unyayo kwa tochi ya simu. Ukikuta mwiba usichokonoe na pini. Kituo cha afya siku hiyohiyo. Mkiwa mjini, Mnazi Mmoja ipo karibu.

Dada, hao kaka zako waambie waje kubeba mabegi. Kesho nitajibu wale wa ndege, maswali ni mengi na mimi naingia zamu ya usiku.