Barua kwa Mwana wa Kaka Yangu Kuhusu Taa ya Buluu

Tanga

Mwanangu,

Goti langu liko vilevile, binti wa jirani ameolewa, na lile shamba la babu yako kule Muheza bado lina maneno, tutayazungumza ukija. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu huniitikia "sawa shangazi" kisha mtandao unakatika, na hili sitaki liishie kwenye sawa.

Nimesikia umetengeneza taa. Dada yako ndiye aliyenihadithia, tena akicheka: umenunua taa za LED za buluu Kariakoo, umezifunga kwenye kisanduku cha mbao, na kisanduku kiko chumbani kinamngoja mtoto wa mwezi ujao. Safari hii akizaliwa akawa manjano kama dada yake, eti hamlali tena hospitali, mtamtibu hapohapo Mbagala, kwa kuwa umeona kwenye simu Wamarekani wanatibu nyumbani. Dada yako anakusifu kwa werevu. Mimi usiku ule sikupata usingizi.

Usidhani naudharau ufundi wako. Nyumba hii ninayoandikia, nyaya zake umezipitisha wewe na haijawahi kupiga shoti. Najua pia kilichokusukuma: mtoto wa kwanza kulazwa, mkeo kukesha kwenye kiti na mshono haujapona, na wewe kuhesabu kila shilingi getini. Najua kwa kusimuliwa, maana siku zile hakuna aliyekumbuka kwamba ukoo huu una mkunga mstaafu. Aliitwa mama mkwe wako kutoka Lindi. Mimi habari ilinifikia mtoto ameshatoka. Basi, yamepita.

Taa ni tiba ya kweli, hilo sikubishii. Na aliyeifungua njia hiyo alikuwa muuguzi, nataka ulijue. Katika hospitali ya Rochford, Essex, kule Uingereza, Sista Jean Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto njiti uani wapate jua. Siku moja mwaka 1956, madaktari wakipita wodini, akamfunua mtoto mmoja: mwili umefifia manjano, ila kipande kimoja cha ngozi chenye umbo la pembetatu kimebaki manjano kabisa. Daktari akamuuliza amempaka nini. Hakuwa amempaka kitu. Pale palikuwa pamefunikwa na ncha ya shuka, na kwingine kote jua lilikuwa limefanya kazi yake. Baadaye chupa ya damu ya mtoto wa manjano ikaachwa dirishani juani, na ilipopimwa, kiwango kikawa kimeshuka. Mwaka 1958 daktari Cremer na wenzake wawili wakaandika habari za mashine ya mwanga waliyoiunda, katika jarida la Lancet. Jina la Sista Ward halimo katika waandishi wale watatu. Marehemu baba yako, aliyekataa kunipa nauli ya chuo kwa kuwa uuguzi ni kazi ya kumwaga mabakuli, ningetamani aisome hiyo.

Sasa sikiliza kinachotokea. Chembe nyekundu za damu zikivunjika huacha uchafu wa manjano unaoitwa bilirubini. Mtoto mchanga ana chembe nyingi za kuvunja na ini lake bado zito, kwa hiyo watoto wengi huonekana manjano siku ya pili au ya tatu, na wengi hupona wenyewe kabla ya wiki mbili. Mwanga wa buluu ukipita kwenye ngozi huibadilisha bilirubini umbo, ikaweza kutoka kwa nyongo na kwa mkojo bila kulisubiri ini. Lakini mwanga unaofanya kazi ni wa nanomita 460 hadi 490, wenye nguvu iliyopimwa kwa chombo chake, kutoka umbali uliopangwa, mtoto akiwa na nepi tu na macho yamefunikwa. Kariakoo taa zinauzwa kwa rangi. Buluu ya ukumbi wa harusi na buluu ya wodini, jicho la mtu haliwezi kuzitenganisha. Na umeme ukikatika saa nane za usiku utafanyaje, wewe unajua kuliko mimi.

Tuseme umebahatika, taa yako ni yenyewe. Bado. Taa ni nusu ya tiba, tena ile nusu nyepesi. Nusu nzito ni damu: kumchoma mtoto kisigino, kupima bilirubini, kuangalia ana saa ngapi tangu azaliwe, kisha kuamua kama anahitaji taa, au hahitaji chochote, au taa haimfai tena na abadilishwe damu. Wewe hugusi waya kwa kuutazama tu, unaweka testa kwanza. Mtoto wako je, utamwekea nini?

Na liko lingine ambalo hao wa kwenye simu hawakukwambia. Mtoto akishalala chini ya taa, ngozi hupauka mbele ya damu. Utamwona amerudi rangi yake, mtafurahi, mtazima, kumbe ndani ya damu kiwango bado kiko juu, au kinapanda. Ndiyo maana mtoto aliyekwisha kuwekwa taani wodini hatumkadirii kwa macho. Taa yako hiyo, bila kipimo, inaweza kufuta dalili na kuuacha ugonjwa.

Nikuhadithie mtoto mmoja. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Alizaliwa kijijini, njia ya kwenda Pangani, katimia miezi yake, kilo tatu nzuri, akalia palepale. Mama aliwekwa chumba cha ndani kama desturi ya arobaini, dirisha limefungwa kwa ajili ya upepo, mwanga ni wa kibatari. Siku ya tatu bibi akamtoa ukumbini akaona umanjano. Bibi yule alikuwa mtu wa haja, amelea watoto wengi, na wengi walipitia manjano wakapona. Akafanya alilolijua: kila asubuhi anamtoa mtoto, anamkalia juani, anamgeuza huku na huku, anamrudisha. Uso ukawa unang'aa. Siku ya tano mtoto akawa analala sana. Ukimwekea ziwa, anavuta mara mbili tatu, anaacha. Watu waliokuja kuona mzazi wakamsifu: mtoto gani huyu, mtulivu, hana usumbufu! Mama yake mwenyewe alinisimulia kwamba aliona fahari.

Siku ya sita mtoto akalia, na kilio hakikuwa cha mtoto. Kilikuwa chembamba, cha juu, hakikatiki. Shingo ilikaza, mgongo ukapinda kwa nyuma. Walifika hospitalini kwetu kwa lori la nazi, jioni. Nyayo zake zilikuwa manjano, viganja manjano. Mama kundi O, mtoto kundi B. Damu ya mama ilikuwa inazivunja chembe za mtoto tangu siku ya kwanza, na jua la asubuhi lisingeweza kushindana na hilo. Daktari akaamua kubadilisha damu. Mtoto wa kilo tatu ana damu kama robo lita tu, mwanangu. Unavuta kidogo kwa sindano kupitia kitovu, unarudisha kidogo ya mtu mwingine, unavuta, unarudisha, hadi ipite kiasi cha mara mbili ya damu yake yote. Mimi ndiye niliyekuwa naandika hesabu, na taa ya chumbani ikicheza.

Aliishi. Bibi alituletea kuku na kutuombea dua, akijua kapona. Umri ambao wenzake walikuwa wanakimbia, yeye hakuweza kukaa. Mikono ilikuwa inajipinda yenyewe kila alipotaka kushika kitu, na masikio hayakusikia. Akili alikuwa nayo, macho yake yalikuambia. Mama yake alimbeba mgongoni mpaka miguu ya kijana ikawa inaburuza mchanga. Bilirubini ikizidi sana huingia kwenye ubongo, na ikishaharibu pale hakuna taa wala damu inayorudisha.

Sasa nataka uone jambo moja. Yule bibi hakuwa mzembe. Alimpenda, alimwangalia kila siku, na mwanga alimpa. Hakuwa na kipimo. Wewe na kisanduku chako mko palepale alipokuwa, isipokuwa wewe una bodaboda mlangoni na hospitali karibu.

Ama hao Wamarekani wako, nimewasoma. Chama chao cha madaktari wa watoto kilitoa mwongozo mwaka 2022, na tiba ya nyumbani imo, kweli. Lakini imo kwa masharti: mtoto awe ametimiza wiki 38 tumboni, awe amepita saa 48 tangu kuzaliwa, awe mzima na ananyonya vizuri, asiwe na sababu inayovunja damu wala ya kuudhuru ubongo, asiwe amewahi kuwekwa taani, kiwango kisiwe kimeuzidi mstari wa kuanza taa ila kwa kiasi kidogo sana, kifaa kifike bila kuchelewa, na damu ipimwe kila siku. Kila siku! Kile kiblanketi cha nyuzi za mwanga ulichokiona kwenye simu, nyuma yake kuna maabara na daktari anayesubiri jibu. Siku utakaponionyesha muuguzi atakayekuja Mbagala kila asubuhi kuchoma kisigino, nitapanda basi nije nikushikie taa mwenyewe. Na wenu wa pili, kwa sababu tu wa kwanza alihitaji taa, ni mtoto wa kuangaliwa kwa karibu zaidi, si kidogo.

Mama mkwe wako atawaambia habari za jua. Mwambieni kwa adabu. Jua tupu huunguza ngozi changa, hukausha maji mwilini, na kukiwa na upepo humtia mtoto baridi. Nijeria, mjini Lagos, walifanya utafiti wa jua uliotangazwa mwaka 2015, na ulifaulu, lakini watoto waliwekwa chini ya mahema ya plastiki maalumu inayozuia mionzi mibaya na joto, wahudumu wamekaa nao, joto la mwili na damu vinapimwa. Hiyo ni hospitali iliyohamia uani. Haifanani na kumweka mtoto dirishani.

Na sanduku la nguo za mtoto atakalolileta kutoka Lindi, lifungue ulinuse kwanza. Kama ndani mna vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, nguo hizo zisimguse mtoto. Wako watu wengi katika pwani yetu, wanaume zaidi, waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Wao wazima kabisa mpaka wakutane na dawa fulani au na vidonge hivyo, hapo chembe za damu huvunjika kwa mkupuo, na mtoto mchanga huwa manjano ghafla. Najua ataona namsingizia. Mlaumu shangazi yako, mimi nimezoea.

Mengine ni mafupi. Mtoto anyonye mapema, dang'a lote alipate, kisha mara 8 hadi 12 kwa siku usiku na mchana; maziwa ndiyo yanayosukuma kile choo cheusi, na choo ndicho kinachotoa bilirubini. Maji ya glukosi msimpe. Kila asubuhi mtoeni kwenye mwanga wa mchana, mbonyezeni ncha ya pua kwa kidole muone ngozi inabaki rangi gani, muangalie na weupe wa macho na fizi, maana kwa weusi wetu umanjano hujificha. Akiwa manjano kabla ya kutimiza saa 24, mpelekeni saa hiyohiyo. Viganja au nyayo zikiwa manjano, saa hiyohiyo. Akisinzia akakataa ziwa, msimsifu kwa utulivu. Wiki mbili zikipita bado manjano, au choo kikawa cheupe, hilo huenda ni la ini, na halingoji. Na hata akiwa mzuri kabisa, siku ya tatu mrudisheni kliniki aangaliwe.

Fedha ya kulazwa itenge sasa, kabla ya uchungu. Ikipungua niambie mimi, usimwambie mtu mwingine. Pensheni yangu ndogo lakini haina deni.

Kisanduku kifungue, taa zitafutie kazi nyingine dukani kwako. Usimwache mkeo akakifikia usiku wa manane mtoto akilia, maana mtu aliyechoka hushika kilicho karibu.

Jambo la mwisho, na hili ulifanye kesho asubuhi kabla hujaenda kazini. Chukua kadi ya kliniki ya mkeo, ipige picha upande ulioandikwa kundi la damu, na ile alama ya kuongeza au kutoa iliyo pembeni yake ionekane. Nitumie. Nitumie na kundi lako wewe. Kama hamjui, nendeni mkapime wiki hii.

Shangazi yako