Ukungu wa Los Santos

San Andreas ninayoijua mimi ina ukungu. Ukipanda Mlima Chiliad kwa baiskeli ukasimama kileleni, huoni mji wowote. Unaona mteremko, miti michache, kisha weupe unaomeza kila kitu. Ndani ya weupe ule kuna Los Santos, kuna jangwa, kuna Las Venturas na kamari zake, na kwa kuwa huvioni, unaamini viko mbali sana. Kutoka mji mmoja kwenda mwingine ilikuwa safari hasa. Tulijiandaa kwayo, kama mtu anayekwenda Dodoma.

Mwaka 2021 gemu hiyo ya mwaka 2004 ilitolewa upya pamoja na ndugu zake wawili, GTA III na Vice City, katika kifurushi kilichoitwa Definitive Edition. Waliotengeneza waliuondoa ukungu. Nilitazama video ya mchezaji mmoja akiwa juu kabisa, siku ya jua, na nchi yote imelala chini yake kama vyombo kwenye sinia: majengo marefu ya San Fierro huku, ya Los Santos kule, vijishamba katikati. Kila kitu kilikuwa jirani na kila kitu. Nchi niliyozunguka ndani yake miaka mitatu mizima, kumbe ina ukubwa wa kata.

Ukungu ule haukuwekwa kwa ajili ya ushairi, nalijua hilo. PS2 ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32, kiasi cha picha kumi hivi zilizopigwa kwa simu ya leo. Haikuweza kubeba ramani nzima kwa mara moja, kwa hiyo ilisoma vipande vya mji kutoka kwenye diski kadiri unavyoendesha gari, na ukungu ukaficha sehemu ambazo zilikuwa bado hazijafika. Sisi tuliijua siri hiyo bila kufundishwa na mhandisi, kwa sababu diski zetu zilikuwa na mikwaruzo. Ukikanyaga mafuta sana, barabara ilichelewa kuja. Jengo lilitokea wakati umeshaligonga. Mwenye kibanda alikuwa akiitoa diski, anaipaka dawa ya meno, anaifuta kwa fulana yake, anairudisha, na mji unaendelea kujengwa.

Kibanda chenyewe kilikuwa Morogoro, nyuma ya saluni: TV mbili za chogo, mabenchi matatu, na feni iliyokuwa inampepea mwenye kibanda peke yake. Shilingi mia mbili kwa nusu saa. Aliyeshika pedi alikuwa mmoja, lakini walioendesha gari walikuwa wanane. Kata kushoto! Polisi huyo! Mwache, mwache! Kiingereza cha kusoma maandishi chini ya kioo kilikuwa kazi ya yule aliyefaulu vizuri darasani, na aliyekosea kutafsiri misheni alitukanwa mpaka jioni. Hakuna kampuni inayoweza kutengeneza upya kitu hicho, wala siidai.

Ninachodai ni kidogo zaidi, na nadhani kinawezekana.

San Andreas kuna duka la donati linaloitwa Tuff Nut. Kwenye bango lake, badala ya donati, waliweka nati, ile ya kufungia bolti, yenye pembe sita na tundu katikati. Ni utani wa Kiingereza, ila kwa bahati unaingia kwenye Kiswahili bila kusukumwa: ndani ya neno donati mna nati. Katika toleo la 2021 kingo za nati ile zililainishwa, ikawa duara. Fikiria kilichotokea. Mtu, au programu aliyoiachia kazi, aliona pembe akadhani ni umaskini wa picha za zamani, akausahihisha. Utani ukafa kwa kusafishwa. Kwangu hiyo ndiyo hatari ya kazi hii yote ya kutengeneza upya. Mtengenezaji haelewi lipi lilikuwa upungufu wa mashine na lipi lilikuwa wazo la mtu, na wakati mwingine, kama kwa ukungu, hata aliyelianzisha asingeweza kukuambia mpaka uko wapi.

Toleo hilo lilipokelewa vibaya kiasi kwamba Rockstar wenyewe waliomba radhi hadharani siku chache baada ya kulitoa. Mvua ilionekana kama nyuzi nyeupe zinazoziba macho, sura za watu zilikuwa kama za wanasesere. Hayo yote yanarekebishika, na mengi yalirekebishwa. Kilichonikera ni jambo lililofanyika mwezi mmoja kabla: matoleo ya zamani yaliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni ya kompyuta na ya mashine ili kulipisha jipya. Baada ya kelele wakaahidi kuyarudisha yale ya kompyuta.

Nina bibi wawili. Bibi mzaa baba akisimulia Sungura na Fisi, Fisi anakufa. Kwa bibi mzaa mama Fisi hafi, anabaki kilema na aibu yake, na hadithi inaendelea wiki ijayo. Tulipokuwa wadogo tulibishana ipi ni ya kweli. Lakini hakuna bibi aliyepanda basi kwenda kumziba mwenzake mdomo kwa sababu yeye amepata njia mpya ya kusimulia.

Kwa hiyo mimi si adui wa gemu zinazotengenezwa upya. Silent Hill 2 ya mwaka 2001 imepitia yote mawili. Mwaka 2012 ilisafishwa na kutolewa tena, na ukungu wake maarufu (huo nao ulikuwa na kazi ya kufichia mashine udhaifu) ukaharibiwa. Sababu mojawapo inasikitisha kuliko uzembe wowote: Konami haikuwa imehifadhi kodi ya mwisho, hivyo waliopewa kazi walipewa nakala isiyokamilika, wakawa wanahangaika na kasoro ambazo wenzao walishaziondoa miaka kumi nyuma. Kisha mwaka 2024 Bloober Team, kampuni ya Poland, ikaijenga upya kuanzia msingi. Ikaupa ukungu heshima yake, na wengi waliokuja kuizomea waliondoka kimya.

Au Resident Evil 4. Katika ile ya 2005 Leon hawezi kutembea huku amelenga bastola. Anasimama, analenga, anapiga, na wanakijiji wale wa Hispania wanazidi kumsogelea na mapanga. Hofu yote ilikaa kwenye miguu yake iliyogoma. Mwaka 2023 Capcom walimruhusu atembee akiwa amelenga, wakampa na uwezo wa kukinga msumeno kwa kisu. Nilikuwa na hakika wameiua. Hawakuiua. Walijua wamemwondolea mchezaji hofu gani, wakawafanya wanakijiji wawe wakali na wepesi zaidi, wakafanya kisu kiwe kinavunjika. Na ile ya 2005 waliiacha dukani, kando ya hii, kwa bei ya chini. Hilo tu.

Lakini mifano kama hiyo inapoza moyo kuliko inavyostahili. Mwaka 2023 Video Game History Foundation ya Marekani ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotolewa nchini humo kabla ya 2010 hazipatikani tena kwa kununua. Zinazotengenezwa upya ni zile ambazo tayari zilikuwa mashuhuri. Nyingine zinaishi kwenye makabati ya wakusanyaji, au kwenye nakala ambazo sheria inaziita wizi. Nikilifikiria hilo nakumbuka diski za pale kibandani, zote zimeandikwa majina kwa kalamu ya wino mzito. Sidhani kama niliwahi kushika diski halisi ya PS2 hata mara moja. Waliotengeneza San Andreas hawakupata senti kutoka Morogoro, na sitasema hilo ni jambo la kujivunia. Ila kifurushi cha 2021 kiliuzwa dola 60, pesa ambayo pale ingenunua nusu saa mia kadhaa. Gemu mpya inawarudia kwa bei hiyo watu ambao ya kwanza iliwafikia kupitia mkono wa mwenye kibanda, kisha wanaambiwa ya kwanza haipo tena.

Mdogo wangu alizaliwa mwaka 2006. San Andreas yake ni ya kwenye kompyuta mpakato, ile iliyotengenezwa upya. Sasisho la mwishoni mwa 2024 lilileta kitufe cha kurudisha mwanga wa zamani pamoja na ukungu, nikamwonyesha mahali kilipo. Alikaa nacho siku moja, akakizima. "Kaka, hii inachosha macho," alisema. Nilitaka kumweleza habari za Dodoma, nikaacha. Ni San Andreas yake.

Resident Evil 4 tulianza na mpya pia. Ilipofika kipindi cha punguzo nikamnunulia ya 2005 kwa pesa isiyofika ya chips kuku. Aliicheka. Leon anaposimama kulenga anamwita mgambo, na kila jioni alikuwa na kituko kipya cha kunisimulia kuhusu jinsi anavyogeuka kama lori. Juzi saa nane usiku niliamka kunywa maji. Mlango wake ulikuwa umerudishiwa, mwanga wa buluu unatoka chini, na nikasikia kengele ya kanisa la kile kijiji, kengele ya zamani, ile inayolia ukiwa umebakiwa na risasi tatu.