Betri ya Chini

Mwaka 2005 mji wa Baraka, mashariki mwa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, haukuwa na hata nguzo moja ya umeme wa serikali. Mwenye pesa aliwasha jenereta. Sisi wengine tulipeleka simu kwa mwenye paneli ya sola, zikafungwa mpira na kikaratasi chenye jina, tukazifuata jioni. Lakini umeme mwingine ulikuwepo mjini, tena mwingi, umelala chini ya viti vya malori ya kijeshi. Vijana waliugundua kabla ya makamanda.

Mimi nilikuwa nimerejea tu kutoka ng'ambo ya ziwa. Vita vya 1996 vilitutoa Fizi tukavuka hadi Kigoma, na ujana wangu ukapita katika kambi ya Lugufu. Humo kambini mzee mmoja wa Uvira alinifundisha kutengeneza redio chini ya turubai. Alikuwa mkali. Hakuniruhusu kushika pasi ya kulehemu mpaka niweze kueleza kwa mdomo umeme unaingia wapi na unatokea wapi. UNHCR ilipoanza kuwarudisha watu kwa meli, mwishoni mwa 2005, niliteremka Baraka na sanduku la vipuri, mita moja yenye mshale, na pasi ya kulehemu ya kupasha kwa mkaa.

Kazi haikunipa nafasi hata ya kuezeka kibanda. Desemba ile watu walikuwa wakipiga kura ya maoni ya katiba, na mbele yetu kulikuwa na uchaguzi wa Julai 2006, wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya sitini. Kila mtu alitaka kusikia Radio Okapi, hata bibi zetu walioijua siasa kwa kuikimbia tu. Askari nao walitaka hivyo hivyo. Wengi wao walikuwa wametoka msituni juzi, Mayi-Mayi na makundi mengine, wakachanganywa katika jeshi jipya. Walitaka habari, walitaka muziki, na walitaka simu zenye chaji ili wajue kama mama yuko hai huko alikobaki. Walikuwa na lori. Kwa nini waende kwa mwenye sola?

Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu lori lile halikuwa gari la kawaida. Gari dogo lina betri moja ya volti 12, na redio ya gari, chaja ya simu na redio ya mawasiliano kwa kawaida hutengenezwa kwa volti hizo. Malori mengi ya kijeshi yana volti 24: betri mbili za 12, chanya ya moja imefungwa kwenye hasi ya nyingine. Sababu ni stata. Injini kubwa ya dizeli inataka nguvu nyingi kuzungushwa, na ukipandisha volti mara mbili, nguvu ile ile inapita kwa nusu ya ampea, kwa hiyo waya wa unene ule ule unapoteza robo tu ya joto ulilokuwa ukipoteza. Wamarekani walihamia huko mapema. Jeep yao ya vita vya pili vya dunia ilikuwa ya volti 6, lakini ile ya 1950, M38, ilikuja na 24. Si kila gari la jeshi liko hivyo, na hili liliwaponza wengi. Ural-4320 ya Warusi ni 24, ilhali ZIL-131, ambayo kwa macho ya raia ni kitu kilekile, ni 12. Mzee wangu wa Lugufu angesema pima kwanza, rangi ya kijani haina volti.

Mara ya kwanza askari mmoja aliniletea redio ya kaseti iliyounganishwa moja kwa moja kwenye 24. Kapasita zilikuwa zimepasuka na kumwaga ute. Redio yake niliitengeneza, lakini wenzake walikuwa wameshapata njia yao: waya wa chanya waliufunga katikati, pale betri mbili zinapokutana. Kati ya pale na bodi ya gari kuna 12 kamili. Redio ikaimba. Habari ikaenea kambi hadi kambi, Baraka hadi Fizi, na kwa miezi kadhaa hakuna askari aliyenihitaji.

Walianza kunitafuta msimu wa mvua. Barabara ya kutoka Baraka kupanda Fizi inavuka mto Mutambala kisha inaingia milimani, na lori lililozimika huko halisukumwi na watu. Afisa mmoja alinitumia pikipiki. Nilipofika nilikuta lori limekaa kwenye utelezi, askari wamejikunyata chini yake wakikwepa mvua, na shoferi, mzee wa makamo aliyeendesha tangu enzi za Mobutu, amekasirika hadi hasemi. Betri zote mbili walikuwa wamezibadilisha miezi michache nyuma. Stata ililia tik, basi.

"Betri za siku hizi ni takataka, afande," fundi wao alikuwa akimweleza.

Niliomba tuvute lori kwa lori jingine mpaka injini iwake, nikaweka mita. Altaneta ilikuwa ikitoa 28, kama inavyotakiwa. Kila betri ilipaswa kupata 14. Ya juu ilionyesha karibu 16. Ya chini, ile yenye hasi kwenye bodi, ilikuwa 12 na kidogo. Nikafungua vizibo. Ya juu ilikuwa imechemka, sahani zimebaki wazi juu ya maji. Ya chini ilikuwa na maji tele na haina nguvu.

Nilimweleza afande hivi, na hadi leo sijapata maelezo mafupi zaidi. Altaneta inapeleka mkondo mmoja kupitia betri zote mbili, mfano wa mama anayepakulia watoto wawili kwa kijiko kimoja, sawa kwa sawa. Mchana kutwa redio inamla mmoja tu. Yule wa chini hashibi, yule wa juu anashindiliwa chakula asichokihitaji. Mmoja anakufa kwa njaa, wa pili kwa shibe.

"Basi tufunge redio kwenye ile ya juu," alisema.

"Hapana, afande. Hiyo mtachoma gari."

Shoferi akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, kwa maana walikuwa wameshajaribu. Sanduku la redio ni la chuma na kwa kawaida limeungwa na hasi yake. Hasi ya betri ya juu ndiyo pale katikati betri mbili zinapokutana, volti 12 juu ya bodi. Sanduku linapogusa bodi, betri ya chini inajifunga yenyewe kwa yenyewe bila kitu cha kuizuia. Waya wao ulikuwa umeyeyuka mpaka shaba, na hakukuwa na fyuzi.

Kwa muziki na simu niliwatengenezea kigeuzi nilichojifunza Lugufu: regyuleta ya 7812, na nyuma yake transista ya 2N3055 niliyoitoa kwenye amplifaya mbovu ya kanisa, maana 7812 peke yake haibebi zaidi ya ampea moja na nusu. Joto ndilo tatizo la mtambo huo. Kutoka 28 hadi 12 kuna volti 16 zinazopotea, na kila ampea inayopita inaacha wati 16 za moto kwenye transista. Nilikata sufuria ya aluminiamu kuukuu kuwa bati la kupozea. Ganda la 2N3055 lina umeme wa upande wa kuingilia, kwa hiyo nikaweka karatasi ya mika kati yake na bati, la sivyo sufuria yote ingekuwa chanya ndani ya gari lenye bodi hasi. Fyuzi niliiweka karibu na betri, mwanzoni mwa waya. Fyuzi iliyo karibu na redio inailinda redio. Waya mrefu unaopita chini ya kiti cha shoferi haina habari nao.

Redio kubwa ya mawasiliano ilikuwa jambo jingine. Ikisikiliza tu inakula kidogo, lakini mtu akibonyeza kitufe na kuongea, redio ya wati 100 inavuta ampea 15, hata 20. Kwa kigeuzi changu hiyo inaweza kupita wati 300 za joto, na hakuna sufuria Fizi nzima ya kulipoza. Nikamshauri afande aipe redio betri yake ya tatu, isiyoguswa na lori hata kwa waya mmoja, iwe inachajiwa kwa paneli ya sola pale kambini. Hakupenda. Aliona ni aibu lori lenye betri mbili kubeba ya tatu. Shoferi ndiye aliyemshinda, akimwambia kwa heshima zote kwamba yeye aliajiriwa kuendesha na hatalala tena njiani kwa sababu ya habari za Kinshasa.

Dawa yenyewe niliiona baadaye, katika gari la shirika moja lililoletewa vifaa kutoka Bukavu: kisanduku kidogo kuliko tofali, ampea 20, na ukikishika kina uvuguvugu tu. Humo ndani transista haizuii umeme. Inaukata na kuuachia maelfu ya mara kwa sekunde, na koili inaulainisha kuwa 12. Nilikifungua mchana wa Jumapili, kwa ruhusa. Kuiga kulinichukua muda mrefu, maana koili zenyewe hazikuuzwa popote ziwani. Tulianza kuzipata pale kompyuta za mashirika zilipoanza kufa na kutupwa.

Siku hizi visanduku vya 24 kwenda 12 vinakuja kutoka China na nauza mwenyewe. Wateja wangu wakubwa ni wenye malori ya mizigo yaendayo Lulimba na Misisi kwenye dhahabu, nayo ni ya volti 24 kama yale ya jeshi. Bado wapo wanaotoa waya katikati ili waokoe hela. Hao hufika na betri mbili ndani ya toroli, wakiwatukana Wachina, na swali langu la kwanza kwao ni ipi ilikuwa juu.