Namba Nne

Mzee aliyestaafu akikwambia kesho anaenda town, usifikirie ni safari ya kuamka tu na kupanda matatu. Kwetu Moiben hiyo ni kazi ya kuanza jioni. Viatu vinapigwa rangi, suruali inalazwa chini ya godoro ipate mstari, kofia inapanguswa vumbi. Eldoret ilitangazwa kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, lakini Baba bado anaiita Sisibo kama walivyoiita wazee waliomtangulia, kwa sababu mji ulianzia kwenye shamba namba 64. Na huwezi kuingia Sisibo na shati ambalo halijapigwa pasi.

Baba alifundisha shule za msingi miaka 34. Serikali ilipandisha umri wa kustaafu kutoka 55 hadi 60 mwaka 2009, naye husema hiyo mitano ya nyongeza ndiyo iliyommaliza magoti. Alitoka kazini 2021. Sasa ana ekari tatu za mahindi, dawa za presha, na kijitabu cha mraba anachoandikia kila kitu, kuanzia bei ya mbolea hadi siku ng'ombe alipopandwa.

Mimi naishi naye. Naandika makala za tovuti za watu wa ng'ambo, hasa mashine za kukata nyasi huko Marekani. Sijawahi kugusa hata moja. Sisi nyasi zetu zinakatwa na ng'ombe. Pesa huingia kwa simu, si mbaya, lakini kwa macho ya Baba mtu aliyekaa kitandani na laptopu saa nne asubuhi hana kazi. Kwa hivyo shughuli yoyote ya mjini inapotokea, msaidizi ni mimi.

Mwezi Mei mwaka jana aliniambia tutashuka Eldoret Alhamisi. "Ni vitu vichache tu, mama," alisema. Huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Saa saba tutakuwa tumerudi."

Matatu ilijaa saa moja na nusu. Kabla hatujafika Kimumu, tairi ikapasuka. Wanaume wote walishuka kumsimamia dereva, kila mmoja akiwa fundi. Baba akainama aone nati zilivyokaa, miwani ikateleza kutoka puani, na makanga, ambaye alikuwa anarudi nyuma akivuta spea, akaikanyaga. Ilitoa sauti ndogo kama ya biskuti.

Makanga aliomba msamaha mpaka nikamwonea huruma. Baba akamwambia, "Si kitu, kijana, ilikuwa ya zamani." Haikuwa ya zamani. Alikuwa ameinunua Januari.

Tuliporudi ndani ya gari alitoa kijitabu mfukoni, akakisogeza karibu, akakisogeza mbali, kisha akanipa. "Nisomee."

Mwandiko wa walimu wa zamani ni mzuri kupita kiasi. Kulikuwa na mistari minne.

1. Benki: namba ya simu.
2. Washa ya pampu.
3. Dawa.
4. Chuo. Kuuliza kama nafasi yake bado ipo.

Nilisoma tatu za kwanza kwa sauti. Nikafunga kijitabu na kumrudishia, naye akasema, "Ehe," akaangalia dirishani.

Niseme tu jinsi mambo yalivyo. Niliacha chuo 2022 nikiwa mwaka wa tatu. Si karo, si mimba, si strike ya wahadhiri, ingawa majirani walijaribu zote tatu. Nilikuwa kwenye kozi niliyopangiwa kwa alama, na usiku nilikuwa naandika kazi zinazolipa, na siku moja hesabu ikawa wazi kwangu. Sijutii. Lakini mwalimu wa miaka 34 alipopewa habari hizo alisema tu, "Sawa," akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Miaka mitatu hakulitaja tena. Nilidhani jambo limezikwa, kumbe alikuwa amelipa namba.

Benki sitaitaja jina. Shida ya Baba ilikuwa nyepesi: laini yake ya zamani alikuwa ameacha kuitumia, ikafungwa, na ujumbe wa pensheni ulikuwa unaenda kwenye namba hiyo. Alitaka waweke mpya. Dakika tano.

Karani, msichana wa umri wangu mwenye adabu sana, akamwomba aweke kidole kwenye kamashine. Taa nyekundu. Kidole kingine. Nyekundu. Akampa tishu apanguse, akampa mafuta kidogo apake, wakajaribu vyote kumi, mkono wa kushoto na wa kulia, kama watoto wanaojifunza kuhesabu.

"Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kufundisha."

"Ni chaki hiyo," akasema kwa upole. "Na jembe."

Ni kweli kwamba alama za vidole huisha. Ngozi hulegea na umri, mistari hulala, na kazi ya mikono humalizia. Wakulima, wajenzi na mama wa kufua nguo wanaijua hiyo taa nyekundu. Lakini nilimwona Baba akitazama viganja vyake kama mtu anayetafuta kitu alichoweka hapo mwenyewe. Vidole hivyo ndivyo vilivyoandika ubaoni herufi za kwanza za nusu ya watu ninaowajua. Sasa mashine inasema hana vidole.

Wakajaribu sahihi. Bila miwani, sahihi yake ilipanda juu ya mstari ikaenda zake. Haikufanana na ile ya kwenye faili.

"Basi tutatumia code," karani akasema. Akabonyeza. "Tayari. Mzee, umepata code?"

Baba akakaa wima. "Kodi? Kodi nimelipa miaka thelathini na nne. Walikuwa wanakata kabla hata sijauona mshahara."

Foleni nzima ilicheka, na yeye akacheka kidogo, akidhani amesema jambo la busara, ambalo kwa kweli alikuwa amelisema. Kisha tukagundua code imeenda kwenye namba ya zamani, ileile tuliyokuja kuiondoa.

Tukaipiga. Nilidhani haitapatikana. Ikaita, akapokea kijana. Laini ikikaa bila kutumika hupewa mtu mwingine. Baba akamsalimia vizuri, akamweleza kwamba hiyo ilikuwa namba yake, na kama anaweza kumsomea tarakimu zilizoingia sasa hivi.

"Buda, hiyo story nimeiskia," kijana akasema. Simu ya Baba ina sauti kubwa, tulisikia sote. "Uko jela gani?"

"Niko benki," Baba akajibu.

Akakatiwa. Siwezi kumlaumu kijana. Ningekata pia.

Tukaambiwa tulete picha mbili za pasipoti, nakala ya kitambulisho na fomu iliyojazwa upya. Studio ya kwanza stima ilikuwa imepotea. Ya pili ilikuwa na foleni ya watoto wa shule. Mvua ikaanza, ile ya Uasin Gishu ya mchana ambayo haiulizi mtu, tukajibanza kwenye kibaraza cha duka la vyakula vya mifugo, viatu vyake vya rangi vikigeuka kuwa vya tope. Hakulalamika hata mara moja. Nilitamani alalamike.

Washa ya pampu ndiyo iliyokuwa ikinisumbua kichwani, kwa sababu viwavijeshi havingoji. Wadudu hawa walifika Kenya 2017, na kila msimu tangu hapo mkulima wa mahindi anaangalia kiini cha jani kama anavyoangalia mtoto mwenye homa. Fundi alikuwa na ukubwa wa aina mbili. Wetu ulikuwa katikati. Alisema turudi Jumamosi.

Hapo kwa fundi ndipo nilipoelewa mpango wake. Baba aliniambia, "Kaa hapa usubiri. Mimi nina mahali nataka kupita." Alitaka kuniacha kwenye stuli ya fundi na kwenda kuniulizia peke yake. Lakini alipofika ukingo wa barabara alisimama. Magari yalikuwa yanapita, naye alikuwa anakunja macho, akiweka mguu mmoja lami na kuurudisha. Nilimtazama afanye hivyo mara tatu. Nikaenda kumshika mkono, tukavuka kwenda benki.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi. Askari wa mlangoni alikuwa ameshaanza kurudisha watu. Akamwangalia Baba, akavua kofia. "Chamgei, mwalimu. Mimi ulinifundisha darasa la sita. Ulinichapa kwa sababu ya desimali."

"Ulizijua baadaye?"

"Hapana," akasema, akatufungulia.

Namba ilibadilishwa. Tukanunua dawa za presha mbio mbio na kupata matatu ya mwisho yenye nafasi, mimi nikiwa nimekalia kiti cha kuongezea karibu na mlango. Giza lilikuwa limeingia tulipoupita Kimumu.

"Ulisoma zote?" Baba akaniuliza, akiangalia mbele.

"Nilisoma."

"Hata ya nne?"

"Hata ya nne."

Akanyamaza hadi mtu aliposhuka na gari likaondoka tena. "Sikutaka kukulazimisha," akasema. "Nilitaka tu kujua kama mlango bado uko."

Sikumjibu. Kuna majibu niliyokuwa nayo tangu 2022, nimeyapanga vizuri, yana hoja na mifano, lakini hayakuwa ya kumwambia mtu ambaye alikuwa ameshinda kutwa akijaribu kuthibitisha kwamba yeye ni yeye.

Asubuhi nilimkuta nyuma ya jikoni na kisu na ndara kuukuu. Alikuwa ameshachora duara kwa kalamu kwenye soli. Akalikata polepole, uso ukiwa karibu kugusa mpira, akalipachika kwenye pampu, akasukuma mara mbili. Haikuvuja. Akaibeba mgongoni akaenda kwenye mahindi.

Jumapili jioni akaniomba nimwandikie orodha mpya, kwa kuwa macho. Namba moja ilikuwa miwani. Ya pili ilikuwa chuo.

"Baba, mambo ya chuo siku hizi ni mtandaoni," nikamwambia. "Unaweza kuuliza ukiwa hapa hapa."

Akafikiri. "Na huko mtandaoni kuna mtu amekaa?"

"Wakati mwingine."

"Andika tu," akasema.

Nikaandika.