Mchezaji wa Akiba

Kazi ya kumalizia iliyoanzwa na wengine haina sifa nyingi. Vijana wetu hapa Buguruni wanapopanga timu jioni, anayeambiwa akae nje hununa, na pengine huvua viatu akaenda zake. Mpira wenyewe ulichelewa kumtambua mtu huyu. Katika fainali za Kombe la Dunia, kubadilisha wachezaji kuliruhusiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1970, kule Mexico.

Mfano wangu ni Divock Origi, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1995, mtoto wa Mike Okoth Origi aliyeichezea timu ya taifa ya Kenya. Mwaka 2014, akiwa na miaka 19, aliingia badala ya Lukaku akaifungia Ubelgiji bao pekee dhidi ya Urusi, dakika ya 88. Tarehe 7 Mei 2019 Salah na Firmino walikuwa majeruhi. Liverpool ikampanga yeye, akaifunga Barcelona mara mbili katika ushindi wa mabao 4-0. Tarehe 1 Juni, katika fainali ya Ulaya mjini Madrid, alianzia benchi tena. Aliingia dakika ya 58, na dakika ya 87 akafunga bao la pili lililowanyima Tottenham tumaini.

Msomaji atadhani baada ya hapo alipata namba ya kudumu. La! Alirudi benchi, akakaa huko zaidi kuliko uwanjani, mpaka alipohamia AC Milan mwaka 2022.

Nilipokuwa mwalimu mkuu niliwaona watu wa namna yake. Ni mwalimu anayepewa darasa katikati ya mwaka kwa kuwa mwenzake ameugua au amehamishwa. Hakuwachagua wanafunzi, hakupanga masomo, na mtihani uko mlangoni. Wakifaulu, husifiwa aliyeanza; wakifeli, hulaumiwa aliyemaliza.

Wahenga walisema subira huvuta heri. Naafiki, ila wapo wanaodhani subira ni kukaa. Anayengoja huku akinung'unika huingia uwanjani amekwisha choka. Anayengoja huku akiusoma mchezo huingia akijua beki yupi amelegea. Wote wawili wamekaa benchi moja, kwa saa zile zile, na kocha anaweza asimwite hata mmoja wao. Tofauti yao haionekani mpaka jina litajwe.