Ua hili halitaki mpangaji mwenye kiherehere!

Ingia geto la kijana yeyote, iwe Sinza, Tandika au Mwananyamala, utakuta mambo ni yale yale: godoro, redio kubwa na maua ya plastiki yaliyoshika vumbi juu ya televisheni. Muulize mbona hapandi ua la kweli, atakujibu: "Mwanangu, chumba kimoja, dirisha moja, ua litakaa wapi?"

Jamani, dawa ipo, tena ipo barabarani, tunaipita kila siku na daladala bila kugeuza shingo.

Jumamosi moja nilishuka Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, nikakata mguu hadi kwa wauza miche. Pale utadhani umehama Dar. Honi na moshi viko hatua chache tu, lakini chini ya miti kuna kivuli, makopo yamepangwa kwa safu na udongo umetoka kumwagiwa maji, unanukia kama mvua ya kwanza. Muuzaji mmoja akanionyesha mmea unaotambaa, majani yake manene yanang'aa kama yamepakwa nta.

"Kaka, huu hautaki mambo mengi," akasema. "Unataka usiusumbue."

Mmea huo unaitwa Hoya. Kwao ni Asia, kuanzia China ya kusini na kushuka hadi Australia. Jina lake lilitolewa na mtaalamu Robert Brown mwaka 1810, kwa heshima ya Thomas Hoy, aliyekuwa mtunza bustani wa Duke wa Northumberland huko Syon House, London. Mmeona mambo hayo? Jina halikwenda kwa bosi mwenye jumba, lilikwenda kwa shamba boi!

Huko porini Hoya hupanda juu ya miti na kushika magome, hauzami kwenye matope. Kwa hiyo udongo mzito wa mfinyanzi ni sumu kwake. Changanya mchanga mnene, makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na mboji kidogo. Kopo liwe dogo, lenye matundu chini, maana mizizi yake inapenda kubanana kama abiria wa saa kumi na mbili jioni. Uweke karibu na dirisha lenye mwanga, ila jua la saa saba lisiuchape. Maji mwagia udongo ukishakauka. Wengi wanauua kwa huruma, asubuhi maji, jioni maji, mwisho mizizi inaoza. Na kama bomba la mtaani kwenu linatoa maji ya chumvi, kinga ya mvua. Vumbi lifute kwa kitambaa kibichi.

Nanyi wapenzi wa Siku ya Wapendanao, tahadhari! Kuna aina yenye jani la umbo la moyo, huuzwa jani moja moja kwenye kikopo. Kama halina kipande cha shina chenye kifundo, litakaa hivyo hivyo miaka na miaka bila kuchipua. Mapenzi ya jani moja hayo!

Kutoka pale nikaelekea Magomeni, kwa mama mmoja mtu mzima anayepika vitumbua. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha Hoya wake umezunguka waya wa dirishani, una vishada vya nyota ndogo za waridi. Kufika hapo, aliungoja miaka mitatu. Amehama nao nyumba tatu.

"Mwaka ule mwenye nyumba alinipa notisi, ulikuwa na vitumba," akaniambia. "Nikaubeba kwenye mkokoteni. Kufika tu, vitumba vyote vikadondoka."

Ndiyo tabia yake, ukiuhamishahamisha wakati wa vitumba, unasusa. Lakini mama hakukata vile vijiti vilivyobaki, na hapo ndipo wengi hukosea. Maua mapya hutoka kwenye kijiti kile kile cha zamani, kwa hiyo ukikikata umejinyima mwenyewe.

"Nyumba si zangu, mwanangu," akasema, "lakini hili ni langu."

Maneno hayo yaliniingia. Sisi wapangaji tunaishi kwa kodi ya miezi sita sita, tunaogopa hata kupigilia msumari ukutani. Kila tulicho nacho kinazeeka: redio, godoro, hata viatu. Ni vizuri kuwa na kimoja kinachokua, hata kama kinabebwa kwa mkokoteni.

Kama mfuko umetoboka, omba kipande cha shina chenye vifundo viwili, kiweke kwenye chupa ya maji, wiki chache tu utaona mizizi. Kisha vuta subira. Siku kikichanua, zima redio jioni ukae karibu na dirisha, maana harufu yake hutoka zaidi giza likiingia.

Haya, tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.